Tovuti Iliyoshindwa Kutafuta Ng'ombe

Nilipostaafu ualimu wa Kiswahili nilidhani nimemaliza kusahihisha maandishi ya watu. Kumbe chama chetu cha wafugaji na wakulima hapa Singida kilikuwa na tovuti, na tovuti ile ilihitaji mtu wa kupitia kila andiko kabla halijawafikia wasomaji. Wakaniomba. Nilikubali kwa sababu ofisi haiko mbali na nyumbani kwangu, na zaidi kwa sababu nilimfahamu mtu aliyekuwa anaandika majibu.

Mtu huyo alikuwa bwana mifugo mstaafu, mkazi wa Ihanja. Wafugaji walituma maswali kwa simu, naye aliyajibu kwa maandishi marefu yaliyopangika vizuri, kana kwamba kila ndama aliyeulizwa alikuwa wa zizi lake. Hakuandika "mpeleke kwa mtaalamu" akaishia hapo. Alieleza uangalie nini kwenye macho, kwenye pua, kwenye kinyesi, na ni dalili ipi ikutoe mbio. Majibu hayo yalikusanyika mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa anayeuliza leo jibu lake lilikwisha kuandikwa zamani. Kwa hiyo kitu chenye thamani kuliko vyote katika tovuti yetu kilikuwa kile kisanduku cha juu cha kutafutia. Unaandika neno, unabonyeza, majibu yote yenye neno hilo yanakuja.

Tovuti nzima ilikaa ndani ya kompyuta moja ya Windows iliyowekwa chini ya meza ya ofisi. Ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga, na umeme ukikatika tovuti nayo inaondoka hewani mpaka mtu afike aiwashe. Virusi viliingia, vikatolewa, vikaingia tena. Hatimaye mwenyekiti wetu, mzee mfugaji asiyependa kuongea mara mbili, akasema ihamishwe. Akatafutwa fundi.

Aliyekuja alikuwa binti wa Mwankoko. Alikuwa amesomea kompyuta Dodoma, akafanya kazi Dar es Salaam, kisha akarudi kumuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja. Kazi zake alizifanyia barazani nyumbani kwao, laptopu juu ya stuli, mama yake kwenye kiti pembeni yake. Siku ya kwanza aliingia ofisini na kofia ya sufu kichwani kwa ajili ya ule upepo wetu, akainama kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naomba uniambie kwanza, watu wanaitumiaje hii tovuti? Kompyuta nitaiangalia baadaye."

Swali hilo lilinifurahisha. Mafundi wote waliomtangulia walianza kwa kuinama chini ya meza. Nilimweleza habari za bwana mifugo, za wafugaji, na za kisanduku cha kutafutia. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniomba nimsomee jibu moja kwa sauti. Nilimsomea la kupe. Akasema, "Huyu mzee anaandika vizuri," ndipo akainama chini ya meza.

Alituhamishia tovuti kwenye mashine ya kukodi iliyo mbali na Singida, ambako umeme haukatiki, na mashine hiyo inatumia Linux. Alinieleza kwamba Linux ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, mgumu kidogo kuuzoea, lakini imara. Asubuhi ya kwanza baada ya kuhama, nusu ya picha zilikuwa hazionekani. Palipokuwa na picha ya mbuzi pana kiboksi kitupu. Nilimpigia simu nikiwa na wasiwasi, naye akacheka kwa upole.

"Mwalimu, Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili. Linux inajali. Picha imeitwa Mbuzi kwa M kubwa, ukurasa unaita mbuzi kwa m ndogo. Kwa Linux hao ni wawili tofauti."

"Basi Linux ni mwalimu wa Kiswahili," nikamwambia.

Picha zilirudi kabla ya mchana. Tukapumua. Lakini siku hiyo hiyo kisanduku cha kutafutia kikaanza vituko.

Wa kwanza kunipigia alikuwa mama mmoja mfugaji wa Mkiwa. Alikuwa mmoja wa watumiaji wetu wa siku nyingi, mjane mwenye ng'ombe wachache wa maziwa na kibanda cha chai barabarani. Tulisalimiana kwa Kinyaturu kama kawaida yetu, kisha akahamia Kiswahili, maana mambo ya simu na mtandao kwa Kinyaturu yanatushinda wote wawili.

"Mwalimu, mmeifanya nini? Nina ndama anaharisha. Natafuta, ukurasa unakuwa mweupe. Narudia, mweupe tena."

Nilimwambia asubiri, nikafungua orodha ya makala kwa mkono, nikapekua moja moja mpaka nikapata jibu la kuharisha kwa ndama. Nikamsomea kwenye simu: amtenge na wenzake, ampe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, asimnyime maziwa, na akiona damu au ndama akishindwa kusimama amwite mtaalamu wa kata mara moja. Alishukuru. Kisha akasema jambo lililonikaa moyoni.

"Ila mimi nilizoea kutafuta mwenyewe, mwalimu. Sikuwa nasumbua mtu."

Nilimpa binti habari hizo. Alijibu kwamba ameshaona: programu ya kutafutia inakufa. Haikwami wala haichelewi, inakufa papo hapo, na kabla ya kufa inaacha maneno mawili ya Kiingereza kwenye mashine ambayo maana yake, kwa tafsiri yake, ni kwamba programu imekanyaga mahali pasipo pake katika kumbukumbu ya kompyuta, na mfumo umeitoa nje.

Programu ile ilikuwa ya zamani. Iliandikwa na kijana mmoja aliyejitolea hapa kwetu miaka mingi nyuma, akaondoka na hatujui aliko. Kwa bahati njema aliacha maandishi yake ya asili, yale ambayo kompyuta inayageuza kuwa programu. Binti aliyageuza upya yatumike kwenye Linux, na yaligeuka bila kulalamika. Ndiyo maana kufa kwake kulimshangaza.

Aliniomba niende Mwankoko kesho yake mchana. "Nahitaji mtu anayeyajua makala," alisema. "Mimi naijua mashine tu."

Nilimkuta barazani. Mama yake alinipokea kwa mkono ule mzima, akanishika muda mrefu, akamwagiza binti aniletee kiti chenye mto. Kuku walikuwa wanapita chini ya stuli ya laptopu. Ng'ambo ya uzio alizeti zao zilikuwa zimeshakauka zinasubiri kukatwa vichwa. Binti aliniambia mpango wake kwa ufupi: amenakili tovuti nzima ndani ya laptopu yake, ambayo nayo inatumia Linux, ili tuiue kadiri tunavyotaka bila kumsumbua mtu.

"Taja neno lolote ambalo wafugaji wanatafuta."

"Kuku."

Akaandika. Makala ya kuku yakaja, mengi tu. Mama yake akaguna kwa kuridhika, kana kwamba wamekuja wake.

"Lingine."

"Nyuki."

Yakaja.

"Alizeti. Mtama. Punda."

Yote yakaja.

"Ng'ombe."

Ikafa. Binti akaiwasha upya.

"Mbuzi."

Ikafa.

"Maziwa." Ikafa. "Ndama." Ikafa. "Kupe." Ikafa.

"Basi tumeshajua," nikasema. "Makala ya ng'ombe yameharibika wakati wa kuhama."

Hapo ndipo nilipoanza kumwona alivyo. Mimi nilikuwa nimesharidhika na jibu langu. Yeye alitikisa kichwa taratibu, bila kunidharau.

"Inawezekana, mwalimu. Lakini tuendelee kidogo. Tukisimama hapa tutakuwa tumebahatisha. Taja maneno ya shamba, yasiyo na mnyama."

"Jembe." Yakaja. "Mbolea." Yakaja. "Palizi."

Ikafa.

Tukatazamana. Palizi haina ng'ombe. Alifungua makala ya palizi ya alizeti, ambayo niliyaandika mimi mwenyewe, tukayasoma tangu juu hadi chini. Hamkuwa na mnyama hata mmoja. Nilianza kukereka. Yeye alionekana kufurahi, furaha ya mtu aliyekuwa akitafuta mifugo yake porini akaona kinyesi kibichi.

"Sasa tutayakata," alisema.

Akayaweka makala yale peke yake mahali pa majaribio. Akatafuta: programu ikafa. Akafuta nusu ya chini. Ikafa. Akafuta nusu ya iliyobaki. Ikapona. Akairudisha nusu ile, akafuta nyingine. Ikafa. Kila mara alibadilisha kitu kimoja tu, kila mara alinieleza kwanza anachotarajia, na alipokosea alisema, "Nimekosea," kwa sauti ile ile aliyosemea, "Nimepata." Katika miaka yote ya kufundisha nilitamani wanafunzi wenye moyo huo, na sikuwapata wengi. Katikati ya kazi mama yake alitaka kugeuzwa kwenye kiti. Aliacha kila kitu, akamgeuza, akamfunika miguu khanga, akamnywesha uji, wakataniana kidogo kwa Kinyaturu, kisha akarudi pale pale alipoachia bila kuuliza tulikuwa wapi.

Mwishowe ikabaki sentensi moja: Magugu yang'olewe kabla hayajatoa maua.

"Hii ndiyo inayoua," akasema. Akafuta neno la mwisho. Ikafa. Akafuta la kabla yake. Ikafa. Akaendelea hivyo mpaka yakabaki mawili ya mwanzo, kisha akafuta "magugu". Likabaki neno moja kwenye kioo.

"Yang'olewe," nikasoma.

"Mwalimu, yang'olewe na ng'ombe vinafanana nini?"

Mtu aliyefundisha darasa la kusoma haulizwi mara mbili swali kama hilo. "Sauti ya ng'. Na kile kialama chake."

Alikiona wakati ule ule. Akasogeza uso karibu na kioo. "Hiki. Kinaitwaje kwa Kiswahili?"

"Ritifaa."

"Ritifaa," akarudia, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akaniomba nitazame vizuri. Alikuza maandishi mpaka neno likajaza kioo kizima. Kialama kilikuwa kimepinda, mkia wake ukielekea chini kushoto. Akaandika neno hilo hilo upya kwa mkono wake chini ya lile la kwanza. Kialama chake kilisimama wima. Akafuta lile la juu, akatafuta. Programu ikapona.

Nilipiga kofi. Kuku wakaruka. Mama yake akauliza kuna nini, binti akamjibu, "Tumemshika, mama."

Sikuelewa papo hapo, akanifafanulia. Sisi tunaoandika kwenye ile programu maarufu ya kuandikia barua, tukibonyeza ritifaa, programu inaipinda yenyewe ili ipendeze. Mtu anayeandika moja kwa moja kwenye tovuti anapata ile iliyosimama. Kwa macho yetu ni alama moja. Ndani ya kompyuta kila alama ina namba yake, na hizi mbili namba zao ziko mbali kabisa. Programu yetu ya kutafutia inapoandaa majibu inapitia kila alama na kuitazama kwenye jedwali linaloanzia sifuri. Kwenye Windows yule kijana alikuwa ameweka mpangilio unaohesabu alama zote kuanzia sifuri kwenda juu. Maandishi yake yalipogeuzwa upya kwenye Linux mpangilio ule haukuja nayo, na alama kama ritifaa iliyopinda zikaanza kuhesabika chini ya sifuri. Programu ikawa inakwenda kutafuta nyuma ya mwanzo wa jedwali, mahali pasipo pake, na Linux ikaitoa nje.

"Kwa hiyo makala yanayoua," nikasema, "ni yale yaliyoandikwa kwa usahihi."

"Ndiyo. Walioandika ngombe bila ritifaa wamepona wote."

Tulicheka, lakini mimi ilinichoma pia. Bwana mifugo wa Ihanja hakuwahi kuacha ritifaa hata moja tangu nimfahamu. Makala yake karibu yote ndiyo yaliyokuwa yanaizima tovuti.

Tulipompelekea mwenyekiti habari hizo, alisikiliza, akakuna kidevu, akatoa suluhisho palepale.

"Zifuteni. Siku hizi nani anaandika hicho kialama? Vijana wote wanaandika ngombe na tunaelewana. Futeni zote, kesho watu watafute."

Nilifungua mdomo nimjibu kama mwalimu, na ninajua jibu langu lingekuwa kali. Binti aliniwahi. Alizungumza kwa adabu, mikono ameifunga mbele.

"Baba, naweza kuzifuta leo hii na tovuti itafufuka. Lakini mfugaji akiandika ng'ombe mwenyewe kwa simu yake, simu nyingine nazo zinapinda ritifaa, itakufa tena. Kosa liko ndani ya programu, kwenye maandishi hakuna kosa. Halafu haya ni majibu ya mzee wa Ihanja. Ametumia muda wake kuyaandika sawasawa. Sioni vizuri tumharibie kazi yake kwa sababu mimi nimeshindwa yangu."

Mwenyekiti akamuuliza, "Utaweza?"

"Naamini nitaweza. Nikishindwa nitakwambia."

"Haya fundi. Endelea."

Nimekaa kwenye vikao vingi vya walimu na vya vijiji. Nimeona watu wakishinda hoja kwa sauti na kwa vyeo. Sijaona mara nyingi mtu akisimamia kazi ya mwingine ambaye hayupo na ambaye hajawahi kukutana naye.

Kabla hajagusa programu alitaka kumwona bwana mifugo. Alisema anataka kujua mzee anaandika kwa kutumia nini, ili asije akarekebisha nusu na kuacha nusu. Tulipanda gari la asubuhi kwenda Ihanja, upepo ukipeperusha vumbi jekundu barabarani, na tukamkuta anamchunguza kwato mbuzi wa jirani. Alinawa mikono, akatukaribisha ndani, akaagiza chai.

Niliogopa angeona tunamlaumu. Binti alimweleza yote kwa utaratibu, tangu ukurasa mweupe mpaka sentensi ya magugu. Mzee alisikiliza kwa namna ninayoikumbuka sana: alivua miwani, akaiweka mezani, akamtazama binti mdomoni asikose neno. Binti alipofika kwenye kukata makala nusu kwa nusu, mzee alimzuia kwa mkono.

"Subiri hapo. Ulipofuta nusu ikapona, hukufurahi ukaacha?"

"Hapana baba. Nilirudisha ile niliyoifuta, nikafuta nyingine, nione kama itakufa kweli."

"Kwa nini?"

"Ingeweza kupona kwa sababu nyingine."

Mzee alinigeukia. "Mwalimu, umesikia? Vijana wangapi niliwafundisha kazi hii, akimchoma ng'ombe sindano akaona amesimama, anasema dawa imefanya kazi. Pengine angesimama mwenyewe." Akamrudia binti. "Endelea binti yangu."

Waliongea hivyo mpaka chai ya pili. Mimi nilibaki msikilizaji. Mzee aliuliza jinsi unavyojua programu inaumwa kabla haijafa, binti akamjibu, kisha binti akauliza yeye anajuaje ugonjwa wa ng'ombe asiyeweza kusema panapouma, mzee akamjibu kwa kirefu, na binti akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayepata kitu cha kwenda nacho nyumbani. Alikuwa mzee wa mashamba na zizi, naye binti wa vioo na namba, na kila mmoja alimuuliza mwenzake kama anayetaka kujua kweli. Mwishoni mzee alitoa laptopu yake kuukuu, yenye vumbi kwenye vitufe, akaandika ng'ombe mbele yetu. Ritifaa ikapinda. Binti alipiga picha ya kioo, akanakili mafaili machache, akashukuru.

"Niache kuiandika?" mzee aliuliza.

"Usiache, baba. Andika kama unavyoandika."

Aliporudi Mwankoko alirekebisha pale alipopaona. Siku ya majaribio tulikuwa ofisini, mwenyekiti amesimama nyuma yetu na fimbo yake. Binti akaandika ng'ombe. Makala yakaja kwa wingi, kurasa na kurasa. Mwenyekiti akatoa sauti ya furaha. Nikaandika maziwa, yakaja. Palizi, yakaja. Kisha nikachukua simu yangu, ambayo nayo huipinda ritifaa, nikaandika neno ng'atwa, kwa sababu bwana mifugo alikuwa na jibu zuri la mbuzi aliyeng'atwa na nyoka.

Ukurasa ukawa mweupe.

Mwenyekiti akashusha pumzi. Mimi nilihisi aibu kwa niaba ya binti, kana kwamba ni mtoto wangu aliyejikwaa mbele ya wageni. Binti hakutahayari. Alivuta kiti.

"Vizuri imetokea tukiwa hapa," alisema. "Samahani mwenyekiti, bado. Hapo mwanzo nilitazama inaposoma makala. Sikutazama inaposoma neno lenyewe analoandika mtu. Kosa ni lile lile, liko sehemu mbili."

Akaitafuta sehemu ya pili mbele yetu. Safari hii hakuridhika na kuipata. Aliipitia programu nzima tangu juu, mstari kwa mstari, kila mahali alama inaposomwa, akapata na ya tatu ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga bado. Ilimchukua mchana wote. Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hakai ofisini zaidi ya dakika za kusaini, alikaa mpaka mwisho. Aliagiza mahindi ya kuchoma, akatugawia.

Alifanya na jambo jingine ambalo hakuna aliyemwomba. Aliifundisha programu kwamba ng'ombe yenye ritifaa iliyopinda, ng'ombe yenye ritifaa iliyosimama, na ngombe isiyo na ritifaa kabisa, anayetafuta anamaanisha kitu kimoja. Maandishi ya bwana mifugo yakabaki yalivyo, hata nukta haikuguswa, na mfugaji mwenye haraka anayeandika anavyojua naye akapata jibu lake. Nilimuuliza kwa nini amejisumbua hivyo, maana mimi kama mwalimu ningewaacha wanaokosea wajifunze.

"Mwenye ndama mgonjwa si wakati wake wa kujifunza tahajia, mwalimu," alinijibu, huku anatabasamu asije akaniudhi.

Hakuniudhi. Nilikwenda nyumbani nikilifikiria neno hilo njia nzima.

Jioni ile nilimpigia mama wa Mkiwa, nikamwambia ajaribu. Nilimsikia akiwaambia wateja wa chai wasubiri. Kisha akaanza kunisomea majina ya makala, moja baada ya lingine, kwa sauti ya kujivuna kidogo. Ndama wake alikuwa amepona, na sasa alitaka kujua habari za ng'ombe anayekataa kuteremsha maziwa. Nilianza kumweleza ninachokijua, akanikatiza.

"Acha mwalimu, nimeshaipata. Naisoma."

Tukaagana.

Binti hakukaa nasi muda mrefu baada ya hapo. Alipata kazi Dodoma, akaondoka na mama yake, wakapanga nyumba yenye baraza kama ile ya Mwankoko. Kabla ya kuondoka alinikalisha chini akanionyesha programu ilivyo, si kwamba nielewe yote, bali nijue pa kumwonyesha fundi atakayefuata. Nilishangaa kuona kwamba pale palipokuwa na kosa, katikati ya yale maandishi ya kompyuta nisiyoyaelewa, ameandika maelezo kwa Kiswahili safi. Yanasema hapa alama huhesabiwa kuanzia sifuri kwenda juu. Usiondoe, maana majibu mengi ya chama hiki yana ritifaa, na yameandikwa na mtu anayejali.

Nilikisoma kipande hicho kama ninavyosoma kila andiko linalopita mikononi mwangu, nikitafuta cha kusahihisha. Sikukuta kitu. Nikamwambia hivyo, naye akainama na kufunga laptopu yake, maana mama yake alikuwa anamwita.